Vikwembe Tatu Chini ya Gauni

Espé, mwanangu,

Najua utacheka. Mama anaandikia barua mutu anayeenda Marabo, kama vile Marabo ni Ulaya. Njia ikiwa kavu, moto, ile pikipiki ya kubeba watu, inakufikisha huko hata bugali haijapoa. Cheka tu. Weye mwenyewe unajua, siye mu nyumba hii tunasema mingi juu ya kila kitu, lakini neno lenye kuuma tunalizunguka kama mbuzi kwenye kamba. Sasa uko Mudzipela, Tantine Georgette anakusuka nywele, na dada ya baba yako hawezi kusuka bila kusema, kwa hiyo niko na muda mupaka jioni. Maharagi iko kwa jiko ya makala, mulango nimefunga, kalamu nimenyang'anya ndugu yako Trésor.

Sitakuambia namna ya kupika sombe, unaijua kunishinda. Sitakuambia uamuke mapema wala usijibu bwana yako vibaya. Hayo yote tantine zako watakuambia kesho mu gari, wote kwa mara moja, na wakifika Marabo watarudilia tena. Miye niko na neno moja tu, na neno lenyewe liko chini ya gauni yako.

Jana, wakati ulijaribisha gauni mbele ya watu, Georgette alipiga makofi akasema, "Muangalie bibi arusi wetu. Amenona, anang'aa." Baba yako akajikuna kichwa na furaha. Yeye fundi wa nguo muzima, alikuwa amefungua mishono ya ile gauni mara mbili ili uingie, na kila mara aliniambia, "Mama Espé, mutoto wetu anakula vizuri." Nikakuja kukukumbatia, mukono yangu ikafika kwenye kiuno chako. Nikakuta kikwembe. Chini yake kikwembe ingine. Chini ya hiyo, ya tatu, imefungwa na fundo upande wa kushoto ili isionekane. Uliniangalia mbio mbio, kisha ukacheka pamoja na watu, na miye nikacheka. Lakini ile fundo ninaijua, mwanangu. Nilikuwa naifunga miye mwenyewe wakati weye ulikuwa ndani ya tumbo langu. Tena vikwembe zenyewe umezitoa mu sanduku yangu. Ulifikiri mama anaweza kusahau nguo zake?

Ile siku uliniambia uko na mimba, nilicheza mu jikoni mupaka jirani akauliza kama tumepata mahari mara ya pili. Ng'ombe zilishafika, mu ofisi ya komine mulishaandikwa, hakuna mutu wa kukugombeza. Nilifurahi, na bado nafurahi hata sasa, wino inaruka-ruka kwa furaha. Niliona unatapika, nikasema ni kawaida, itapita. Niliona unakimbia harufu ya mafuta. Kitu sikuona ni kama unakonda. Namna gani ningeona, na weye ulikuwa unanenepa kila wiki kwa vikwembe vyangu?

Najua unaogopa nini. Kesho, ukishuka, wamama wa kwa bwana yako watakupokea na vigelegele, na mumoja wao, ile muzee zaidi, atakushika mukono hapa juu, karibu na bega. Atasema anakusalimia, lakini anapima. Akikuta nyama, atasema, "Wametuletea mutoto wa watu." Akikuta mufupa, hatasema kitu mbele yako, atasema nyuma: kwao hakuna maziwa, mama yake alikuwa anamunyima. Siye watu wa ng'ombe ndivyo tuko. Tunaangalia ng'ombe, tunaangalia bibi arusi, na macho ni ile ile. Weye hukutaka wanitukane. Ulijifunga vikwembe kwa ajili ya heshima yangu, na nimelia kidogo juu ya hiyo, nikafuta, nikaweka makala.

Sasa sikia yangu.

Wakati wa mimba yako nilikuwa kijijini, kwa tate yako, mama wa baba yako. Baba yako alikuwa amekwenda Aru kutafuta vitambaa. Miaka ile haikuwa miaka ya kunona kwa mutu yeyote, lakini ng'ombe mbili tatu za tate zilikuwa zimebaki, na kila asubuhi alikuwa ananiletea kibuyu ya maziwa kwa mikono yake mbili, kama sadaka. Na miye, Espé, nilikuwa nikinusa tu, tumbo inapanda mupaka shingo. Kusema hapana kwa mama mukwe, mwezi wa kwanza wa kukaa kwake, mbele ya maziwa? Nani angethubutu. Nilikuwa napokea, naangalia chini kwa heshima, ninaenda nyuma ya nyumba, namwagia umbwa.

Ile umbwa ikanenepa. Manyoya yake ikawa inang'aa mupaka watu wa njia wanasimama kuiangalia. Tate yako akawa anajivuna: "Mwaka huu ni muzuri, hata umbwa yetu anajua." Na miye nakonda. Shavu niliweza kuzificha na kitambaa ya kichwa, lakini kiuno ilikuwa inaisha. Ndipo nikafunga kikwembe ya kwanza.

Mama yangu akatuma habari kama anakuja kuniangalia, ile safari ambayo wamama wanafanya kuona kama mutoto wao anatunzwa. Nikaongeza ya pili. Alifika, akanizunguka, akanigusa kiuno, akapiga kigelegele, akamushukuru tate yako mupaka akapiga magoti. Wamama wawili wanashikana mikono na kulia kwa furaha, katikati yao miye na nguo zangu, na umbwa amelala kwenye jua, ameshiba. Leo nacheka nikiikumbuka. Siku ile nilijiona niko na akili sana.

Sasa, hapo ndipo kosa lenyewe liko, usilipite mbio. Nilikuwa naenda kipimo, pale senta ya afya, ambapo wamama wenye mimba wanapimwa. Kwanza wanakupandisha kwenye mizani. Muganga, mama mumoja mupole, alikuwa anatuambia, "Toa vitu vizito." Nilikuwa natoa viatu tu. Kila mara nilikuwa narudi na kikwembe moja zaidi, na kila mara mizani ilikuwa inapanda. Mama wa watu alikuwa anafurahi: "Uko unaenda vizuri, mama, mutoto anakomaa." Nilikuwa natoka pale na kichwa juu, kama mwanafunzi ameibia mtihani na amepita. Yule mama angejua, angenipatia dawa ya kutapika, angeangalia damu yangu, angeniuliza kama nalala chini ya mosikitere ya kuzuia mbu, angeita tate yako na kumuambia, huyu maziwa hayawezi, mumutafutie kitu kingine. Kila kitu ilikuwa tayari. Niliwafungia mulango wote kwa nguo.

Weye ukakuja mbele ya wakati. Kwenye kitanda ya kuzalia, mukunga alianza kunifungua, akatoa kikwembe, akatoa ingine, akatoa ingine tena, akasimama akiniangalia. "Mama," akasema, "mutoto iko wapi?" Hakuwa anatania. Na wakati ulitoka, nilielewa sababu ya swali lake. Ulikuwa mudogo, Espé. Ulikuwa unaingia mu mikono yake miwili na nafasi inabaki. Ngozi yako ilikuwa imekunjana kama ya muzee, na hukulia. Ulifanya tu sauti kama ya kifaranga chini ya kikapu. Ulikuwa baridi. Hiyo baridi ndiyo nakumbuka kuliko uchungu yote ya kuzaa.

Sipendi kukaa sana mahali pale, na leo si siku ya kulia, kwa hiyo nakupitisha mbio. Mukunga alikuweka kwenye kifua changu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja na kikwembe moja, ile ya majani ya kijani. Akaniambia, "Kuanzia sasa weye ni jiko yake. Usizimike." Nikakaa hivyo mchana na usiku, nikikamua maziwa kidogo kidogo na kukunywesha kwa kijiko. Nilipochoka, tate yako alikuweka kwenye kifua chake. Hakunigombeza. Nilipomuambia juu ya umbwa, akasema, "Ungeniambia, mutoto wangu. Ningekupikia uji ya mutama." Basi, hiyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Uji ya mutama ndiyo iliniangusha.

Na baba yako. Alirudi kutoka Aru na vitambaa vyake, akakuta bibi yake amekonda na mutoto wa ukubwa wa cherehani ya mukono, hivyo ndivyo alivyosema, mujinga. Kisha akavua shati. Akakufunga kwenye kifua chake, akavaa koti juu, akaenda kushona. Watu walikuwa wanaleta suruali za kukata, wanamusikia fundi analia kama kifaranga, wanaangaliana. "Ni mashini inataka mafuta," anawajibu. Kwa hiyo ukiulizwa ulikulia wapi, sema ulikulia ndani ya koti ya fundi, mu soko. Ndiyo sababu ile sauti ya cherehani inakulaza usingizi mupaka leo.

Ulipona, ukapata shavu, ukaanza kupiga kelele mupaka nikatamani kile kifaranga. Lakini ulikuwa mutoto wa kukohoa, kila baridi inakupata weye kwanza, na kila mara nilikuwa najua ni nani alikufungulia njia. Usifikiri nasema mutoto mudogo ni kosa ya mama kila mara. Malaria inaweza kufanya hivyo, njaa ya vita inaweza, hata bila sababu yoyote inaweza. Nasema tu mimi nilikuwa na watu wa kunisaidia, nikawadanganya.

Ungefikiri mama yako alipata akili. Alipata ya upande moja. Mimba ya Trésor ilipokuja, hakukuwa kutapika hata siku moja, na kila mutu alikuwa ameapa. Tate yako ameapa, mama yangu ameapa, miye nimeapa: huyu hatatoka mudogo. Umbwa hakupata hata tone. "Kula kwa watu wawili," walikuwa wananiambia, na miye nilikula kwa watu wawili na muchungaji wao. Maziwa asubuhi, maziwa jioni, mafuta ya ng'ombe kwenye bugali, lituma ya ndizi, sukari mu chai mupaka kijiko inasimama. Kazi yote walininyima, nikakaa kwenye kiti kama mama wa mubunge. Watu walikuwa wanapita kusema, "Bwana yako anakutunza," na baba yako anafungua mishono ya nguo zangu akipiga miluzi.

Miguu ikavimba, nikasema ni mafuta. Kiu ikawa inaniamsha, nikasema ni jua. Na kipimo, mwanangu, nilichelewa kwenda. Kwa nini niende, si naonekana? Nilipofika mwishoni, ile mizani ilisema ukweli bila kikwembe hata moja, na muganga akapima tension ya damu, akapima sukari, kisha akaipima tena. Trésor alitoka kichwa, kisha bega ikakwama. Nilisikia mukunga anaita wenzake. Sitaandika zaidi. Alitoka, jitu kweli, mukono moja inaninginia, na saa hiyo hiyo akaanza kutetemeka, sababu alikuwa amezoea sukari yangu na ghafla haipati. Wakamunyonyesha upesi, wakamuangalia mupaka asubuhi. Na inje, watu wa quartier yote walikuwa wamekuja kuona mutoto munene: "Kweli huyu ndiye mutoto!" Wanashangilia, na miye kwenye kitanda nahesabu kila pumzi yake. Hapo ndipo niliona siye wote tulikuwa tunaangalia kitu kile kile, unene, na hakuna mutu alikuwa anaangalia mutoto.

Leo Trésor ni kipa, mukono yake inazuia mipira ya quartier Saio yote, hata na kalamu yangu hairudishi bila kunyang'anywa. Ni mimi nilibaki na ile sukari. Unanicheka kila siku kwamba napenda kutembea kwa miguu mupaka Mudzipela na moto zinanipigia honi, na chai yangu ni ya maskini. Sikukuambia sababu. Basi, ndiyo hiyo.

Kwa hiyo naona kesho kutakuwa njia mbili, na zote mbili nimezipita kwa miguu yangu. Ukishuka na vikwembe tatu, hakuna mutu atajua kama unakonda, na mizani ya kule itadanganywa kama ya kwangu. Ukikosa kuvifunga siku moja, mama mukwe wako atashituka, atakufungulia ng'ombe zote za Marabo, na weye kwa haya utakunywa mupaka uwe kama miye wa mimba ya Trésor. Ni mama muzuri, nimemuona macho. Wazuri ndio wanatujaza kupita kipimo.

Umuambie ukweli siku ya kwanza. Usingoje mumezoeana; hakuna siku itakuwa rahisi zaidi. Sema, "Mama, ninatapika, maziwa hayakai, nisaidie." Utaona uso wake unavyofunguka. Mama mukwe hakuna kitu anapenda kama kuombwa. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, kile tumbo inakubali: yai, maharagi, majani ya lengalenga, samaki ndogo ya Kasenyi, matunda. Kutapika ikipita, ongeza kidogo, kidogo ya mutu moja, na maziwa yawe ya kuchemsha. Tembea. Na uende kipimo mapema, wiki hii inayokuja, uwaambie ulivyokuwa unakonda. Ukipanda kwenye mizani, panda na kikwembe moja tu. Ikisema kidogo, ni muzuri. Ikisema mingi, ni muzuri pia. Ubaya ni ikisema kitu ambacho si weye.

Na wakikushika mukono kesho, wakute mufupa. Waache waseme mama yake alikuwa anamunyima. Hiyo haya naipokea miye, mabega yangu ni makubwa, tena nimeyanenepesha kwa maziwa ya watu. Nakupenda kuliko jina langu zuri mu Marabo. Sikuwahi kukuambia hivyo kwa kinywa, ndiyo maana ya hii karatasi.

Nimesikia pikipiki, nafikiri ni nyinyi, nafunga mbio. Baba yako nimemuambia kila kitu. Akachukua gauni pale pale. Ile sauti unasikia mu chumba ya mbele ni yeye: anarudisha mishono yote mupaka kipimo chako cha kweli. Aliniambia nikuandikie kama anaona bado unaingia mu koti yake. Barua naiweka juu ya gauni, uisome mbele ya kuvaa, sababu kesho hiyo gauni haitaingia na vikwembe tatu, hata ukiipaka mafuta.

Ile moja ya majani ya kijani nimekunja mu sanduku yako, chini kabisa. Ndiyo ilikudanganyia mizani, na ndiyo ilikufunga kwenye kifua changu ukapata joto, imeshatubu. Zile mbili zingine zinabaki kwangu. Ukizitaka, hautumi mutu. Uje kuzichukua weye mwenyewe, na mutu mudogo wa kubeba ndani yake.

Mungu akutembeze pole pole.

Mama yako